Matawi Matatu ya Mstari wa Kwanza

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijua kuandika programu na binadamu bado anahesabu kwa vidole, kulikuwa na kijiji kimoja chenye pampu moja ya maji. Kijiji hicho kiliitwa Kwa Tope. Msinicheke, si mimi niliyekipa jina.

Pampu ile haikufunguliwa kwa mkono. Ilifunguliwa na programu iliyoitwa Zamu, na Zamu ndiyo iliyojua nani anakunywa saa ngapi. Mstari wake wa kwanza ulisema: "Wa kwanza ni wadogo." Asubuhi walikunywa wadogo, maana wao hawachafui maji. Wakubwa walikuja jioni, wakaingia, wakagaagaa, wakafanya watakavyo.

Sasa sikilizeni vizuri, nawe unayemfinya mwenzako hapo nyuma usikilize. Zamu ilikuwa mali ya kijiji kizima. Ilikaa kwenye kompyuta ya baraza, katika ghala la wazi, na yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Lakini palikuwa na utaratibu. Programu yenyewe iliitwa shina, na shina haliguswi hovyo, kwa sababu ukikosea herufi moja tu kijiji kizima kinalala na kiu.

Ukitaka kubadilisha kitu, unachukua nakala yako. Nakala hiyo inaitwa tawi. Unalipa jina, unafanya mambo yako humo, na ukiharibu umeharibu kwako. Ukimaliza, majirani wawili wanalisoma, na kila mmoja anatamka mbele ya baraza: "Nimesoma, halina neno." Hapo ndipo tawi linapounganishwa na shina.

Kazi ya kuunganisha ilikuwa ya Bibi Konokono. Walimchagua kwa sababu hana haraka. Kompyuta ilikaa upande huu wa meza, kitufe cha kuunganisha kikakaa upande ule, na Bibi alitakiwa kutambaa kutoka huku hadi kule. Mwenye kutaka kughairi alikuwa na nafasi ya kutosha kughairi.

Katika kijiji hicho aliishi Mama Nguchiro na watoto wake. Mama huyu alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi: alisoma. Tawi lolote likifunguliwa, alisimama kwa miguu ya nyuma mbele ya skrini, mikono kifuani, akasoma kuanzia juu mpaka chini, akarudia.

"Mama yule mmbea," watu walisema.

Wakubwa wao hawakuwa wambea kabisa. Tembo alisema macho yake ni madogo. Nyati alisema maandishi yanampandisha hasira. Kiboko ukimwekea tawi mbele yake, alilipigia mwayo, aaaah, mpaka nzi wakatoka mdomoni. Ila wote watatu walijua kutamka, "Nimesoma, halina neno," tena kwa sauti nzito, na sauti nzito namna hiyo nani ataibishia?

Basi kikaja kiangazi kibaya. Maji yakapungua. Kiboko, ngozi inamwasha, akafungua tawi. Akalipa jina: "Marekebisho Madogo Madogo."

"Nimesoma, halina neno," akasema Tembo, anatafuna.

"Nimesoma, halina neno," akasema Nyati, anaangalia pembeni.

Bibi Konokono akageuza pembe zake kuelekea kitufe, akaanza safari. Swiii, swiii, swiii.

Mama Nguchiro akafika, akasimama, akasoma. Mstari wa kwanza ulisema: "Wa kwanza ni Kiboko. Wengine wasubiri mpaka aridhike."

Mpaka aridhike! Nani aliwahi kumwona Kiboko ameridhika na maji? Na nyumbani alimwacha mwanawe mdogo, Kidosho, anaramba mtungi uliokauka.

Akakimbia hadi kwenye tope la Kiboko. Yalionekana masikio tu na pua.

"Hodi, Bwana Kiboko. Tawi lako linatunyima maji."

"Majirani wawili wamelisoma," pua ikajibu. "Kama una neno, leta tawi lako, upate wawili wa kukusomea."

"Wote wanakuogopa. Kanga nimemwomba njiani anisaidie, amejifunika mbawa."

"Basi Kanga ana akili." Masikio yakazama. Blup.

Njia moja tu ilibaki. Kwa utaratibu wa kijiji, msomaji akirudisha neno lake, safari ya Bibi Konokono inasimama. Mama Nguchiro akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, mama."

"Mzee, nimekuja kukuomba. Lile tawi la Kiboko, rudisha neno lako. Mstari wa kwanza unasema anakunywa yeye mpaka aridhike. Na wewe utasubiri."

Tembo akaacha kutafuna. Masikio yakasimama, yakalala, yakasimama tena.

"Mimi? Nisubiri?"

"Mzee si ulisoma?"

"Nilisoma, nilisoma," Tembo akasema haraka. "Nilisoma sana."

"Basi rudisha neno."

"Nirudishe niseme nini mbele ya baraza? Kwamba sikusoma? Mtu mzima kama mimi?" Akatazama chini, akachora mchanga kwa mkonga. "Haiwezekani. Nife na kiu yangu."

Mama Nguchiro akamtazama yule mzee mkubwa, ameshikwa na ulimi wake mwenyewe, akamhurumia kidogo. Halafu akakumbuka Kidosho, huruma ikapungua, na akili ikaanza kuchemka.

"Mzee," akasema, "Kiboko amefungua tawi lake. Wewe nani kakukataza?"

"Tawi langu?"

"Lako mwenyewe. Mstari wa kwanza uandike upendavyo."

Tembo akafurahi mpaka ardhi ikatikisika. Wakaenda kwenye kompyuta. Akaweka mguu kuandika T. Papu! Zikatokea herufi za safu nzima, na kitufe kimoja kikaruka kikampiga Bibi Konokono, ambaye alikuwa bado hajafika nusu ya meza.

"Samahani, Bibi."

"Angalia miguu yako," Bibi akasema, akaendelea. Swiii, swiii.

"Wewe sema, mimi niandike," akasema Mama Nguchiro. Ta-ta-ta-ta. Mstari wa kwanza ukasomeka: "Wa kwanza ni Tembo. Wengine wasubiri mpaka aridhike."

Kutoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Nyati. Nyati hakuhitaji maelezo mengi. Aliposikia kwamba atasubiri kwa tawi alilolikubali mwenyewe, alikwangua ardhi, akatoboa kichuguu, akatoboa na cha jirani yake.

"Ulisoma, Mjomba?"

"Nani anasema sikusoma?"

"Hakuna, Mjomba. Nataka kujua tu kama una mstari wako wa kwanza."

"Ninao! Andika!"

Ta-ta-ta-ta. "Wa kwanza ni Nyati. Wengine wasubiri mpaka aridhike."

Yakabaki maneno ya wasomaji. Tembo alimsomea Nyati, yaani alitafuna, akasema halina neno. Nyati alimsomea Tembo, yaani alitazama pembeni, akasema halina neno. Mama Nguchiro akarudi topeni.

"Bwana Kiboko, Tembo na Nyati nao wana matawi. Wanakuomba uwasomee."

"Wao walinisomea langu?"

"Walisema wamelisoma."

"Basi na mimi nimeyasoma. Kawaambie hayana neno."

"Utazame hata mstari wa kwanza, bwana. Ni mfupi."

Kichwa kikatoka chote, kinadondosha tope. "Unanifundisha kusoma?"

"Hapana, bwana."

"Hayana neno." Akajikokota mpaka barazani, akayatamka mwenyewe kwa sauti nzito, kila mtu akasikia.

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kando ya meza. Bibi Konokono alikuwa ameshakaribia kitufe, na jasho lake la utelezi limejaa meza yote. Mama Nguchiro akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bibi, mbele yako kuna matawi matatu. Utaanza na lipi?"

"Langu," akasema Kiboko.

"La kwako la nini?" akasema Tembo. "La mkubwa kwa umbo."

"Nani mkubwa?" akasema Nyati, na vumbi likaanza kuruka.

"Wa pili atakuwa nani?" Mama Nguchiro akauliza polepole.

Katika maisha yao hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuwa wa pili.

"Unganisha yote kwa mpigo!" wakasema kwa pamoja.

Bibi Konokono akainua pembe moja. "Yote kwa mpigo?"

"Yote!"

Bibi akapanda kitufe. Tik.

Kompyuta ikanguruma. Grrrr. Ikatoa moshi kidogo. Ikatoa sauti ya mbuzi. Kisha skrini ikawa nyekundu, ikaandika kwa herufi kubwa: "Mgongano. Mstari wa kwanza."

"Mgongano ni nini?" Kanga akauliza kutoka ndani ya mbawa.

"Matawi matatu yamebadilisha mstari mmoja, na kila moja linataka kivyake," Bibi Konokono akaeleza. "Mashine haimjui mkubwa wala mdogo, haiwezi kuchagua. Utaratibu unasema hivi: wenye matawi wakae, wakubaliane mstari mmoja. Mpaka hapo, shina linabaki kama lilivyokuwa."

"Lilikuwaje?" Nyati akauliza. Hakujua, maskini, hata hilo hakuwahi kulisoma.

Pampu ikamjibu. Krrr. Krrr. Chwaaaa! Ilikuwa asubuhi bado, na wa kwanza ni wadogo. Kanga akatoka mbawani. Panya wakaja mbio. Kidosho aliingiza kichwa chote chini ya bomba, akanywa mpaka tumbo likawa ngoma, na mama yake akasimama pembeni akilia kwa furaha bila kuficha.

Wale watatu wakakaa kwenye kivuli wakubaliane. Hapo ndipo Kiboko alipoinama kutazama tawi la Tembo.

"Umeandika Tembo kwanza!"

"Na wewe umeandika Kiboko kwanza!"

"Lakini wewe ulisoma langu ukasema halina neno!"

"Na wewe langu je?"

Wakatazamana. Wakamtazama Mama Nguchiro, ambaye ndiye aliyeandika matawi mawili. Wakafungua midomo wamshitaki. Wamshitaki kwa lipi? Hakuwadanganya hata kidogo, kila kitu aliwaambia. Kumshitaki ilibidi mtu akubali kwanza kwamba hakusoma. Wakafunga midomo.

Basi wakabishana. Walibishana mchana, wakabishana jioni, wakaamka wakabishana tena, na kila asubuhi pampu ikafanya krrr, chwaaaa, wadogo wakanywa. Mwishowe Tembo alikuwa anasinzia kwa kusimama, Nyati sauti imemkauka, na Kiboko ngozi imepasuka kwa kukaa juani.

"Tuandike tawi moja la pamoja," Nyati akasema kwa sauti ya kukwaruza, "tukapumzike."

"Nani ataandika?"

Wote wakamgeukia Mama Nguchiro.

"Nitaandika," akasema. "Mstari wa kwanza niweke nini?"

"Weka chochote," Tembo akasema, jicho moja limeshafunga. "Ila Kiboko asiwe wa kwanza."

"Wala Tembo," Kiboko akasema.

"Wala Nyati," wakasema wote wawili.

"Sawa." Ta-ta-ta-ta. "Tayari. Njooni msome."

"Tumekuamini, mama."

"Hapana, someni. Au niwasomee kwa sauti?"

"Mama, usitusumbue," akasema Kiboko. "Nimesoma, halina neno."

"Nimesoma, halina neno."

"Nimesoma, halina neno."

Bibi Konokono akatambaa. Swiii, swiii. Safari hii skrini ikawa kijani, ikasema, "Limeunganishwa," na yale matawi mengine matatu yakafutwa ili yasisumbue tena ghala.

Kesho yake asubuhi Kiboko, asiyejua alichokikubali, akaja mapema na taulo begani. Akasimama mbele ya pampu. Krrr. Bomba likamgeuzia mgongo, likawamwagia panya. Akalipiga teke. Bomba halikujali.

Akaenda barazani. Akainama mbele ya skrini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasoma, akifuata kwa kidole kinene kilichojaa tope: "Wa... kwa... nza... ni... wa... do... go."

"Nani," akanguruma, "nani amekubali upuuzi huu?"

Bibi Konokono, ambaye bado alikuwa njiani kurudi upande wake wa meza, akageuza pembe moja taratibu.

"Wewe," akasema. "Tena kwa sauti nzito. Kijiji kizima kilisikia."

Kiboko akafungua mdomo. Hakutoka hata nzi. Akajitupia taulo lake kichwani akarudi topeni kusubiri jioni, na Mama Nguchiro akaenda zake nyumbani na mtungi umejaa.

Hadithi imeishia hapo, na funzo lake ni hili, wanangu: kabla hujasema umesoma, soma.