Kitanda cha Bwana Badawi

Bwana Badawi, tajiri wa Tanga mwenye mkono wa birika, alitembea Japani na rafiki yake Pandu, hohehahe aliyechukuliwa abebe mabegi. Walipofika Nagasaki alimtuma atafute gesti rahisi, chumba kimoja tu.

"Nimepata ya kienyeji kabisa," Pandu alirudi kusema.

"Kitanda changu. Wewe lala sakafuni, ndiyo saizi yako."

"Sakafu yote yangu, bwana?"

"Yote! Mimi na sakafu wapi na wapi? Wallahi siigusi hata kwa unyayo."

Wakavua viatu, wakafungua mlango. Ndani mlikuwa na mikeka ukuta kwa ukuta, na magodoro mawili yametandikwa chini, kama walalavyo Wajapani. Pandu akajitupa katikati, akajinyoosha.

"Mbona umesimama mlangoni, bwana?" akauliza. "Panda kitandani kwako."