Sori Haivaliwi Idi

"Sori haivaliwi Idi." Chelewesha kazi ya mtu hapa Isevya, halafu mletee maneno matamu, ndilo jibu utakalopata. Mnauliza limetoka wapi? Sogeeni basi, methali hii ilianza hivi.

Alikuwepo fundi cherehani, Fundi Mrisho. Mkono wake, weee! Akikushonea gauni, hata jirani mliyenuniana naye anakusifia. Ila ujanani alishonea watalii Arusha, akarudi na neno moja la Kizungu: sori. Akikukanyaga, sori. Una mafua, sori. Umefiwa, anakushika mkono, sori. Nguo haijaisha, sori, tena kwa tabasamu la meno yote. Watu wanacheka, wanaondoka, kesho wanarudi. Mrisho akaona hakuna mlango ambao neno hili haliufungui.

Ramadhani moja, Bi Chausiku muuza vitumbua alimletea kitambaa cha kijani, kina maua ya njano. Mjukuu wake, Nuru, ndiyo kwanza anajaribu kufunga mwezi mzima, na bibi alimwahidi gauni la marinda. Basi kila alasiri mtoto anapita kibarazani, midomo imemkauka.

"Babu, umefika wapi?"

"Niko nalo, mama, niko nalo."

Kumbe kitambaa hata mkasi hakijauonja! Fundi alipokea kazi za mtaa mzima, hakumkatalia mtu.

Mwezi ukaandama. Bi Chausiku akaja.

"Sori, dada yangu..."

Bi Chausiku hakucheka. "Nipe kitambaa changu." Akaondoka nacho.

Asubuhi ya Idi, Mrisho kavaa kanzu yake safi, anafungua mlango aende kuswali. Nuru huyo! Kasukwa vizuri, hina mkononi, na juu ya gauni lake la zamani kajizungushia kitambaa kile kile, fundo shingoni, pindo linaburuza vumbini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona hivyo, mama?"

"Bibi kasema umenishonea sori. Ndiyo nimeivaa." Akajizungusha polepole, asijikwae. "Imenipendeza?"

Mtoto hakuwa anakejeli, jamani. Alikuwa anauliza kweli. Sori ikamjia Mrisho ulimini. Akaimeza, ikashuka kama mwiba wa samaki.

"Niachie hicho kitambaa," akasema.

Alipotoka kuswali, wenzake wakaelekea kwenye pilau. Yeye akakaa kwenye cherehani.

"We Mrisho, leo Idi!"

"Kwenu. Kwangu bado."

Alasiri Nuru alikuwa anazunguka barabarani, marinda yamefunguka kama mwavuli. Bi Chausiku akaja na sahani imefunikwa kawa, akaiweka juu ya vipande vya kijani.

"Kula, fundi. Sasa ni Idi."

Ramadhani iliyofuata, mteja mmoja akamjia na kitambaa zimebaki siku chache. "Pokea tu, fundi, si utaniambia sori yako nikusamehe?"

Mrisho akamrudishia kitambaa, kakikunja vizuri.

"Sitawahi, ndugu yangu. Mpelekee mwingine mapema. Sori haivaliwi Idi."