Kuku, Mbuzi, Bata

Wapendwa, mfikirieni mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, wiki saba tu. Tangu azae alikuwa anaogopa: mtoto akipiga chafya anaogopa, asipopiga anaogopa pia, anainama kusikiliza kama bado anapumua. Kliniki wakamwambia uzito wa mtoto haujaongezeka hata kidogo, arudi Ijumaa. Na kweli, mtoto akiwekwa kwenye ziwa alinyonya mara mbili tatu, akaachia, akalia.

Mama mkwe alikuwa amemfundisha kiwimbo cha kubembelezea wakati wa kunyonyesha:

Kuku yupo hapa, mwana,
Mbuzi yupo hapa, mwana,
Bata yupo hapa, mwana,
Mama yupo hapa, mwana.

Basi. Hakuna zaidi. Yule mama kijana, ambaye shuleni alikuwa hodari wa vina na mizani, akakidharau. Kuku yupo, sawa, kwa hiyo? Mtoto anaweza kufa hapa tunamwimbia habari za bata? Akachukua kalamu akatunga wimbo wa kwake, wenye maana, kila mstari mizani nane, vina vimekaa sawasawa:

Homa isije kufika,
Degedege kukushika,
Kifua kikapasuka,
Pumzi zikakatika.

Alhamisi mchana akaketi kwenye mkeka uani, akauimba mara kumi na moja, haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Mtoto akakunja ngumi, akalia mpaka akawa mwekundu.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwanangu, huo ni wimbo au tangazo la msiba?"

"Ni dua, mama! Nimeyataja yote yasimpate."

"Umeyataja kweli, hata mimi kifua kimeanza kunibana." Akaketi kando yake. "Mtoto huyu anajua degedege ni nini?"

"Hajui."

"Anachosikia ni ka, ka, ka, ka, kama mtu anagonga mlango kwa fujo. Na mistari yote minne umeisema kwa pumzi moja. Sasa niambie. Ndani ya wimbo wako homa imo, degedege imo. Wewe uko wapi?"

Akaurudia moyoni, mstari kwa mstari. Akajitafuta. Hakuwemo! Alikuwa amemfungia mtoto wake chumbani na magonjwa manne, yeye mwenyewe akabaki nje.

"Lakini, mama," akasema huku machozi yakimtoka, "si ningesema tu 'mama yupo hapa', yakaisha? Kuku na mbuzi wa nini?"

"Haya, sema."

Akasema. Sauti ikamtetemeka, hata yeye hakujiamini.

"Umeona? Mtu mwenye hofu hawezi kuanzia hapo. Kuku yule pale, unamwona, sema. Tua. Vuta pumzi. Mbuzi yule pale, sema. Tua. Ukishasema kweli tatu ndogo, mdomo umeshazoea kusema kweli. Ndipo unaifikia ile kubwa."

Akaanza upya, polepole, akitua kila baada ya "mwana". Kwenye bata mabega yakamshuka. Kwenye mstari wa nne maziwa yakashuka nayo, na mtoto akakamata, akanyonya kwa kelele kama mlevi, mpaka bibi yake akacheka. Ijumaa mizani ya kliniki ilisogea. Kidogo, lakini ilisogea.

Ndugu zangu, na sisi je? Tunapopiga magoti tunaimba wimbo upi? Si ule alioutunga mama kijana yule? Ugonjwa, ugomvi, mvua haijanyesha, mtoto hasikii, yote kwa pumzi moja, amina, tumenyanyuka tukiwa na hofu zaidi kuliko tulipopiga magoti! Orodha imejaa, na Mungu mwenyewe hatukumwachia hata mstari mmoja.

Tusiogope kuanza na vitu vidogo. Havimchoshi. Kesho asubuhi, kabla ya orodha, jaribu:

Jua limetoka, Bwana.

Tua hapo.

Uji umeiva, Bwana.

Tua tena, vuta pumzi, hakuna anayekukimbiza.

Mwana anacheka, Bwana.

Na ule wa nne, wapendwa, msiurukie. Ufikieni taratibu, na mtaona sauti haitetemeki:

Nawe upo hapa, Bwana.