Kwa Nini Aangukaye Thelujini Hufukia Shimo Lake

Msinibishie, maana hili nalijua kuliko nyinyi nyote mnaotetemeka hapo. Zamani, Kanada ilipokuwa theluji tupu na nyumba chache, mtu akianguka na mbao zake za kutelezea aliinuka, akajipangusa makalio, akaenda zake. Shimo aliloliacha halikumhusu.

Katika bonde moja aliishi mkunga, Odila. Kila theluji mpya ilipoanguka, alitangulia yeye, mbao miguuni, akienda na kurudi mpaka mifereji miwili ikanyooka kama reli. Bonde zima lilipita humo: waendao kuni, waendao kanisani, waendao kuchumbia. Na kila apitaye alisema, "Njia ya Odila hiyo! Unateleza kama umepakwa mafuta."

Maneno hayo yalimchoma jirani yake, Telesfori. Yeye naye alikuwa na njia, tena pana, tena kaipamba kwa matawi ya msonobari. Ikapitwa na nani? Na mbwa wake. Na mbwa mwenyewe akishakojoa alihamia kwa Odila.

"Hivi yule ana nini nisichokuwa nacho?" alimwuliza mkewe, Filomena, ambaye mimba yake ilikuwa imefika mwezi wake.

"Njia iliyonyooka," mkewe akajibu. "Yako imejikunja kama utumbo wa mbuzi."

Wivu haulali njaa, jamani. Mchana uleule Telesfori alikwenda kwenye mteremko wa Odila, akajiangusha. Makusudi! Akainuka, akajiangusha tena, chali, kifudifudi, mpaka mteremko ukawa mashimo matupu. Baridi ya jioni ikayagandisha yakawa magumu kama mawe.

Alfajiri uchungu ukamshika Filomena. Telesfori akagonga kengele ya kumwita mkunga, akasimama mlangoni. Akamwona Odila anashuka mbio, mkoba kifuani. Ndipo akakumbuka mashimo. Hata kupiga ukelele hakuwahi. Mbao zilizama shimoni, mkunga akarushwa, ubao mmoja ukakatika vipande viwili. Na hakuinuka.

"Mkunga yuko wapi?" Filomena alilia ndani.

Telesfori alikimbia akizama hadi mapajani.

"Nani kanichimbia makaburi hapa?" Odila aliuliza, mguu umeteguka.

"Mimi, jirani."

"Basi nibebe. Na uombe Mungu tusichelewe."

Akambeba mgongoni, na kila shimo lake likamtega yeye mwenyewe. Walipofika, Filomena alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Ilibaki kidogo tu wachelewe. Lakini mikono ya Odila haikuteguka. Mtoto wa kike akatoka, akapiga chafya.

"Ataitwa Odila," Filomena akasema.

Telesfori akalimeza na hilo. Kisha akatoka, akapiga magoti mteremkoni, akaanza kufukia kwa mikono, bonde zima likimtazama.

Toka asubuhi ile, aangukaye thelujini huko haondoki kabla hajafukia shimo lake na kulisawazisha. Ukimwona mtu kaliacha wazi, usimtukane. Mwulize tu anamwonea nani wivu.