Nondo za Ma Kemilembe

Fundi akilala nje, usiingie ndani.

Mmeusikia msemo huo sasa hivi, mkacheka. Chekeni tu. Hata wewe Kokushima, mwenye nyumba, umecheka, na mimi nimesimama mlangoni kwako na mkeka kwapani kama mgeni asiyealikwa. Mnanong'ona, mzee huyu ana nini? Kwake ni pale nyuma ya migomba, kwa nini kila akimaliza nyumba ya mtu lazima alale humo siku saba kabla ya mwenyewe? Mujuni naye, mwanafunzi wangu wa ufundi, akajibu kwamba eti ni ile methali. Sawa, Mujuni, umejibu vizuri. Lakini nilipokuuliza imetoka wapi ukasema ni ya wahenga.

Kaeni kwenye hayo matofali yaliyobaki. Msemo huu hawakutuachia wahenga. Ulizaliwa hapa hapa Nyakahama, mwaka wa tetemeko, na fundi anayesemwa humo ni mimi, Rwegasira. Msinikatize, maana mkinikatiza nitapata kisingizio cha kunyamaza, na nimeshanyamaza vya kutosha.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nilisifiwa kupita kiasi. Ma Kemilembe, bibi yake huyu Kokushima, alikuwa mjane. Misimu mitatu ya kahawa yake yote iliishia kwenye matofali, saruji na nondo za nyumba ya vyumba viwili. Vifaa vilipotimia akaniita. Aliniita Ta Rwegasira, kwa heshima ya mtu mzima, ingawa angeweza kunizaa.

"Ta Rwegasira, nijengee iishe kabla ya Krismasi," aliniambia. "Binti yangu Byera ni mjamzito. Nataka alelee mtoto mahali pakavu."

Nikakubali. Nilikuwa na nyumba tatu mkononi kwa wakati mmoja, mojawapo yangu mwenyewe. Sasa nyie mnaijua lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo ndani, unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha na kuzishika kuta zisiachane. Lenta inataka kupigiwa mbao, inataka kumwagwa, inataka kungojewa ikomae. Nikaona inanichelewesha. Nikalaza vipande vya mkaratusi juu ya milango na madirisha, nikapandisha tofali moja kwa moja hadi kwenye paa, nikachapa plasta. Plasta ikishapita, nani ataona?

Nondo nikamrudishia. Nikamwambia, "Mama, kwa nyumba ndogo hii lenta ya nini? Zitunze, zitakufaa siku nyingine." Mnajua alifanya nini? Alizunguka kijiji kizima akinisifu. Fundi gani siku hizi anakurudishia nondo, wengine si wangeziuza! Kanisani alisimama akaniombea mbele ya watu wote, nami nikaitikia amina. Zile nondo akazifanyia kichanja cha vyombo pale uani. Kila nikipita naona sufuria zake zinakauka juu ya lenta yake, nageuza uso. Na nyumba yangu? Nilijenga vile vile. Mganga hajigangi.

Tetemeko lilikuja mwezi wa tatu, Jumamosi, saa tisa mchana. Ng'ombe wa jirani walianza kulia wote kwa pamoja, kisha ukaja mngurumo kutoka chini, kama lori la mizigo linapita chini ya sakafu. Ndizi zikaruka kwenye sahani. Tukatoka mbio, mke wangu Asimwe na watoto na mimi, tukaanguka uani, na hata tulipokuwa chini ardhi ilikuwa inatusukuma. Lilipotulia, Asimwe alianza kuita watoto mmoja mmoja kwa jina. Mimi nilikuwa natazama kuta.

Hakufa mtu, Mungu alisaidia kwa kuwa ulikuwa mchana. Redio ikasema yatakuja mengine, madogo madogo, watu wasilale ndani. Madogo! Tukatandika mikeka migombani, tukaanza kungoja. Jamani, tetemeko lenyewe ni kitu cha kupita. Kungoja lingine ndiyo adhabu. Likaja moja jioni ile, yakaja mawili alfajiri, na katikati yake hakuna aliyepumzika. Ukikaa unahisi inatikisika, ukimuuliza mwenzako anasema hapana, kumbe ni moyo wako mwenyewe. Ma Kemilembe aliweka beseni la maji katikati ya ua, na watu wazima wakalizunguka kuyatazama maji kama yanacheza. Mbuzi akipiga kwato, wote tunasimama. Hata kwenda chooni watu walikwenda wawili wawili.

Jumapili jioni mawingu yakafunga kutoka upande wa ziwa. Matone ya kwanza yakaanza, makubwa, ya baridi. Byera alikuwa amejifungua siku tisa tu nyuma, bado hajapata nguvu. Mtoto mwenyewe ni wewe, Kokushima. Ulikuwa umeviringishwa kwenye kanga, unapiga chafya.

Watu wakanigeukia. Wangemgeukia nani? Nusu ya nyumba mpya pale kijijini nilizijenga mimi. Ma Kemilembe akaja mbele yangu, akasema kila mtu akisikia, "Ta Rwegasira, waitu, mwenzetu, nyumba hii ni kazi ya mikono yako. Mtoto atalowa. Tuingie au tusiingie?"

Juu ya dirisha lake palikuwa na ufa uliopanda hadi kwenye paa. Kidole kingeingia. Niliujua maana yake kama ninavyolijua jina langu. Lakini ningesema msiingie, ningeulizwa kwa nini. Na jibu lilikuwa pale pale uani, limebeba sufuria.

Basi nikachukua mwiko wangu, nikagonga ukuta mara tatu, nikatega sikio kama daktari.

"Huu ni ufa wa plasta tu," nikasema. "Ukuta wenyewe umekaza. Ingieni."

"Na likija lingine je?"

"Yameisha hayo, mama. Ardhi imeshatulia."

Mimi nani, wa kuisemea ardhi?

Wakaingia. Ma Kemilembe alitandaza nyasi mpya sakafuni, akamlaza Byera na mtoto. Na wengine walipoona yule ameingia, nao wakakunja mikeka yao wakaenda majumbani kwao. Nilisikia milango ikifungwa mmoja mmoja.

Nilipofika kwangu, Asimwe alikuwa tayari amebeba mtoto wetu mdogo. "Na sisi tuingie," akasema.

"Sisi tubaki hapa."

"Si umewaambia wenzetu waingie?"

"Nimesema tubaki!"

Nilimkaripia mbele ya wanangu, mwanamke aliyeuliza swali la haki. Nikakata majani ya migomba, nikawafunika wanangu nayo, nikakaa katikati yao mvua ikininyeshea. Mlango wangu ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na mtu.

Haukupita muda. Kutoka upande wa pili wa migomba akaja Ma Kemilembe, amejifunika kipande cha turubai, mkononi ana kahawa ya kutafuna kwenye jani. Alikuja kunishukuru. Yaani alitoka mahali pakavu, akaja kwenye mvua, kunishukuru mimi.

"Nimekuletea kahawa, baba, kwa kuwa umetu…" Akanitazama, akawatazama watoto chini ya majani, akautazama ule mlango wazi.

"Ta Rwegasira, mbona mmelala nje?"

"Joto," nikasema.

Joto! Maji yananitiririka puani, nasema joto. Mungu wangu, mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nataka ardhi inimeze.

"Na nyumba hii," akauliza polepole, "uliijenga kama yangu?"

Nilitazama miguu yangu. Aliningoja, nadhani alitaka nimpe neno lolote, hata la uongo. Kisha kahawa ikamwanguka kwenye matope, akageuka, akakimbia. Mwanamke aliyepita miaka sitini, anakimbia gizani mwa migomba akipiga kelele, "Byera! Toka! Tokeni nyote, tokeni nje!"

Mnataka kusikia kwamba nilimfuata. Sikumfuata. Nilikaa pale pale. Si miguu iliyonishinda, ni aibu ya kuonekana nikikimbilia nyumba niliyosema imekaza.

Kelele zake ziliwatoa watu. Kila nyumba watu walitoka bila kujua kumetokea nini. Yeye alifika, akamnyanyua Byera, akamsukuma mlangoni na mtoto kifuani. Byera alikuwa ameshavuka kizingiti, na mama yake yuko nyuma yake, ndipo mngurumo ukaja. Ukuta ule wa pembeni haukuwa na kitu cha kuushika, ukaachana na mwenzake ukalala chini mzima mzima. Juu ya mlango kikashuka kile kipande cha mkaratusi, kikamvunja Ma Kemilembe paja.

Hapo ndipo nilipofika, baada ya wote. Tulifukua kwa mikono. Nilikinyanyua mimi kile kipande cha mti. Nilikitambua, nilikikata mwenyewe.

Nyumba nyingine tatu nilizojenga zilianguka jioni ile, zote tupu. Kichanja cha vyombo hakikutikisika.

Tulimlaza kwenye mkeka tukingoja gari la kumpeleka hospitali. Watu wakawa wanaulizana, kwani fundi si alisema ni salama? Si aligonga ukuta? Nilisimama pale nikingoja aseme. Angesema nondo, ningekwisha. Watu wangenipiga, na wangekuwa na haki. Kwa maumivu yale yote alikigeukia kikundi cha watoto waliokuwa wamemzunguka wakilia, akawaambia, "Wajukuu zangu, shikeni neno hili. Fundi akilala nje, usiingie ndani."

Basi. Hakunitaja, wala hakuniangalia. Bora angenitukana.

Watoto wakalibeba lile neno. Likaenda sokoni, sasa mama akikuuzia chakula asichokula yeye, wanalisema. Likaenda hadi vijiji ambavyo sijawahi kufika. Jina langu lilidondoka njiani, msemo ukaendelea na safari.

Aliporudi kutoka hospitali nilikuwa nimeanza kumjengea upya. Nilikwenda kwenye kile kichanja, nikashusha sufuria zake moja moja, nikazifungua nondo, nikazisugua kutu, nikazilaza kwenye lenta mahali pake. Nyumba ilipokwisha alikuja na fimbo yake, akachechemea hadi mlangoni, akasimama.

"Imekwisha, mama," nikasema.

"Umeshalala humo?"

Neno moja hilo tu. Nikamchukua Asimwe na watoto, tukalala humo siku saba, na ardhi bado ilikuwa inashtuka mara moja moja. Kila ikishtuka nilikaa kitako, nikasikiliza kuta, nikawatazama wanangu. Siku ya nane Ma Kemilembe akaingia. Alichechemea miaka kumi na tisa mpaka tulipomzika, na hakuna siku aliyonikumbusha.

Unasemaje, Kokushima? Sema kwa sauti.

Eti bibi alikuambia ukuta ulimwangukia, hakukuambia ni ukuta wa nani. Najua hakukuambia. Nimengoja miaka ishirini na miwili mtu akuambie, na hapa kijijini hakuna aliyekuambia. Nimekujengea nyumba hii nzima ukiniita babu, unaniletea uji, nami naunywa. Sasa umejua. Ukiniambia niondoke na mkeka wangu, nitaondoka, na Mujuni ataitafuta kasoro badala yangu. Lenta ipo, pandeni ngazi mkaione. Lakini bibi yako naye aliamini neno la fundi.

Mbona umeinuka? Unaupeleka wapi mkeka wangu?

Aa. Unanitandikia.

Asante, mjukuu wangu. Nimesema asante, sasa toka humo, bado si pako. Nenda kwa mama yako Byera, na ukifika mwambie Rwegasira amekiri mwenyewe. Siku ya nane nikitoka hapa mzima, utaingia. Na nyie mliokuwa mnacheka, usiku huu ardhi ikishtuka mje mchungulie dirishani muone nimelala wapi. Fundi akilala nje, usiingie ndani.