Pimbi, Nyati na Mstari wa Ishirini

Mpo?

— Tupo!

Masikio yapo?

— Yamesimama!

Bando lipo?

— Limekwisha!

Basi sogeeni karibu, kisa changu hakili bando. Nikisema "Jabalini!", nyinyi semeni "Ndiko tuliko!" Jabalini!

— Ndiko tuliko!

Palikuwa na bonde, na katikati ya bonde palikuwa na jabali, na juu ya jabali palikuwa na mtandao. Chini bondeni simu ilikuwa kioo tu cha kujitazamia meno. Ukipanda juu, ting! ting! ting! Ujumbe wa wiki nzima unaingia kwa mpigo.

Juu ya jabali hilo walisoma wanafunzi watatu. Wa kwanza alikuwa Pimbi, mama wa watoto wanne, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Wa pili alikuwa Kobe. Wa tatu alikuwa Nungunungu. Wote walikuwa mwaka wa nne, shahada ya teknolojia, Chuo cha Mawinguni, chuo kisicho na geti wala kengele wala bweni. Mwalimu wao, Profesa Korongo, aliishi ng'ambo ya ziwa. Walimjua kwa mdomo tu, maana kila akisogelea kamera mdomo wake ulijaza kioo chote.

Kila Jumamosi asubuhi walikutana kusimuliana wiki ilivyokwenda. Na walikuwa na sharti moja: huketi mpaka utoe kosa lako la wiki. Huna kosa? Simama.

"Mimi," akasema Pimbi, "programu yangu ya kuhesabu watoto iliniambia ninao watano. Nimemtafuta huyo wa tano mchana kutwa, nimeita, nimelia. Kumbe programu ilinihesabu na mimi."

"Keti, dada, keti!"

"Mimi," akasema Kobe, "nilichelewa kutuma kazi. Lakini jamani, kubonyeza nilianza Jumatatu! Kidole kikafika Jumatano."

"Keti, mzee, keti!"

"Mimi," akasema Nungunungu, "programu yangu ilikubali. Nikafurahi, mwili ukasisimka, miiba ikasimama, pu! Kioo kikatoboka. Sasa nasoma kwa kukwepa tundu."

"Keti, kaka, keti!"

Wakacheka, wakaelekezana, wakaketi. Kisha wakaimba wimbo wao, Kobe akiwa nyuma kwa mstari mmoja:

Mtandao ukiyumba, sisi hatuyumbi!
Umeme ukikatika, sisi hatukatiki!
Mkituita wa simu, tuiteni tena!

Chini ya jabali alipita Nyati. Di! di! di! Jina lake kamili lilikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Nyati. Udaktari alijipa siku ya mvua, uhandisi akajipa siku ya jua.

"Shahada ya simu!" akapiga kelele. "Mnasoma nini huko juu, umbea?"

"Tunasoma, Mheshimiwa," akajibu Pimbi. "Wewe unapita tu."

Jumamosi akapita, akacheka. Jumamosi nyingine akapita, akacheka. Jumamosi ya tatu hakucheka.

Kwa nini hakucheka? Kwa sababu bonde lilikuwa limeleta pampu mpya ya kisima, pampu inayofunguliwa na kufungwa kwa simu. Wanyama wote wakakubaliana: mwenye shahada ya teknolojia ndiye atakayeishika. Nyati akasikia, akapiga hesabu zake. Mwenye pampu ndiye mwenye maji. Mwenye maji anakunywa kwanza, anaoga pili, na wengine wanaramba tope.

Basi akajiandikisha Chuo cha Mawinguni, mwaka wa nne moja kwa moja. Vyeti vya ile miaka mitatu ya nyuma alivipata anakokujua mwenyewe. Kisha akapanda jabali. Di! di! di! Akajilaza pale pale penye mtandao, mwili wote.

"Wewe kipande cha mnyama," akamwambia Pimbi, "Alhamisi ni mtihani wa mwisho, sivyo?"

"Ndivyo, Mheshimiwa. Profesa anatuita mmoja mmoja tuieleze kazi yetu. Ukiitwa usipotokea, miaka yako minne inafutwa."

"Vizuri. Utaniandikia kazi yangu. Alhamisi utajificha nyuma yangu uninong'oneze majibu. Na hapa juu hakanyagi mtu mpaka nitakapopenda mimi. Ukikataa..." Akazitikisa pembe. Vuu! Vuu!

Watoto wanne wa Pimbi wakajibana kwenye mgongo wa mama yao. Hao walizaliwa mwaka wa kwanza, katikati ya mtihani wa hesabu. Mama yao alijifungua, akawafuta, akarudi kwenye swali la saba. Sasa miaka yote hiyo ilikuwa imelaliwa na tumbo la Nyati.

"Sikatai, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Kuandika nitaandika."

Nungunungu akamfuata huku akitetemeka kwa hasira, miiba kacha! kacha! kacha! "Dada, umemkubalia? Miaka minne!"

"Nimemkubalia," akasema Pimbi. "Tulia na miiba yako. Usiitumie leo."

Pimbi akaandika. Tap, tap, tap. Akaandika programu safi ya kupima maji ya kisima na kufungua pampu. Akampelekea Nyati. "Isome, Mheshimiwa, japo mara moja."

"Nisome? Kusoma ni kazi yenu nyinyi," akasema Nyati, akaituma chuoni bila kuifungua.

Ikafika Alhamisi. Jua limechomoza, Nyati kajipaka matope mapya aonekane nadhifu.

"Mheshimiwa," akasema Pimbi, "kuna tatizo moja. Hapa juu ni peupe. Profesa ataona masikio yangu nyuma yako. Lakini uko mwanya katikati ya jabali, umetokeza upande wa pili. Mimi nimesomea humo miaka minne, mtandao unaingia kama upepo. Simu tutaiegemeza kule mwisho, uso wako utaonekana, nami nitakaa gizani nikunong'oneze. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila ni mwembamba, Mheshimiwa. Sisi wadogo ndio tunaoweza kuingia."

"Nani kasema?" akanguruma Nyati. "Hakuna mlango uliowahi kunikatalia mimi!"

Akalaza kichwa, pembe zikapita upande. Akasukuma mabega. Akaingia mpaka kiunoni. Akainua kichwa. Kwaa! Pembe zikashika jiwe, moja juu, moja chini. Mbele hakuendeki. Nyuma hakurudiki.

"Pimbi!"

Pimbi alikuwa ameshaegemeza simu, ameshatoka kwa tundu la juu, tundu lisiloweza kupitisha hata sikio la Nyati.

"Pimbi weee!"

Ting! Simu ikawaka mbele ya uso wake. Mdomo wa Profesa Korongo ukajaza kioo.

"Krr, krr. Mwanafunzi Nyati. Karibu. Nitajie kosa moja ulilofanya ulipoandika programu hii."

"Kosa? Mimi? Nyati hakosei!"

"Hata moja?"

"Hata nusu!"

"Krr. Basi nifungulie mstari wa ishirini, unisomee kwa sauti."

Nyati akausogeza kwa pua, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Kazi hii si ya Nyati. Nimeiandika mimi, Pimbi, kwa kutishiwa pembe. Mwenyewe hataujua mstari huu, maana hajawahi..."

Sauti ikashuka, ikashuka, ikazimika.

"Malizia," akasema Profesa.

"...hajawahi kuufungua."

"Krr. Asante. Anayefuata!"

Na anayefuata alikuwa wapi? Juu ya jabali, penye mtandao, peupe, pasipo na tumbo la mtu! Watoto wawili begani, wawili miguuni.

"Mwanafunzi Pimbi. Kosa lako?"

"Ninayo mengi, Profesa, nina daftari zima. Kubwa kuliko yote ni la juzi. Nilimwandikia mwingine kazi."

"Ulilirekebishaje?"

"Mstari wa ishirini, Profesa."

Korongo akacheka krr krr krr mpaka mdomo ukagonga kamera. Kisha akamkazia macho, akamuuliza maswali thelathini ya kweli, moja gumu kuliko jingine. Pimbi akajibu ishirini na tisa. La thelathini akasema, "Hilo silijui, nitalisoma leo." Akafaulu. Akaitwa Nungunungu, akafaulu, tundu la kioo na yote. Akaitwa Kobe, naye alikuwa pale pale tayari, maana safari alianza Jumatatu.

"Sasa, kaka," Pimbi akamwambia Nungunungu, "ile miiba yako."

Nungunungu akazunguka nyuma ya mwanya, palipobaki makalio ya Mheshimiwa. Chwi! "Mamaaa!" Kichwa kikajilaza chenyewe, Nyati akachomoka kinyumenyume, di-di-di-di-di, mpaka bondeni.

Tangu siku hiyo Pimbi ndiye anayeshika pampu. Kila asubuhi wanyama hupanga foleni kisimani, swala na tembo, panya na twiga, kila mmoja kwa zamu yake. Nyati naye yumo, wa kumi na saba, na kibuyu chake.

"Shahada ya simu si shahada," huwanong'oneza walio mbele yake.

Juu ya jabali Pimbi hubonyeza kwa kidole kimoja. Ting! Na maji hutoka, shaaa, mpaka kwenye kibuyu cha wa kumi na saba.

Kisa changu kimefika ukingoni, mwenye kiu akanywe, mwenye usingizi akalale. Lakini ngoja, nimesahau funzo. Funzo ni hili, wanangu: watoto wema hawakosei kamwe, hawabishani na wenye pembe, na hawasomi kwenye simu. Mmesikia?

— Tumesikia!

Mtafuata?

— ...

Mbona kimya? Haya, wewe uliye mwisho, sogea hapa mbele. Unaona tumekaa, na wewe umesimama. Tuambie kosa lako la wiki, kisha uketi. Jabalini!

— Ndiko tuliko!