Jino la Mlango wa Maikrowevu

Mwiba ni kitu kidogo, lakini ukiupuuza utakuja kutembelea mkongojo. Wahenga waliliona hilo kwenye mguu. Fundi wetu alikuja kulijua kwa mkono.

Alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, hodari wa kazi na mwingi wa majivuno. Siku moja dada yake mkubwa alimletea maikrowevu iliyokuwa inaunguza fyuzi. Dada huyo alikuwa na watoto mapacha wa miezi mitano, na maji ya maziwa yao aliyachemshia humo. Alimweleza pia kwamba jino la juu la mlango, lile linaloingia kwenye tundu mlango unapofungwa, lilikuwa limekatika.

"Hilo lisikusumbue, dada," fundi alimjibu. "Mlango si unafunga kwa jino la chini?"

Alitia fyuzi mpya, akachemsha kikombe cha maji vizuri kabisa. Alipofungua mlango, fyuzi ikaungua. Akatia nyingine, mambo yakawa yale yale. Akaishuku transfoma, akaibadilisha. Akaitoa kapasita umeme uliolala ndani yake, akaweka mpya. Wapi! Chombo kilibeba mzigo wote wa moto bila kulalamika, kisha kikafa pale kilipotakiwa kupumzika. Fundi alikuna kichwa mpaka kikamuuma. Alichanganyikiwa kweli, tena aliona haya kumwuliza fundi mwenzake wa duka la pili.

Mwishowe akagundua kwamba akichomoa nyaya za swichi ndogo iliyo nyuma ya jino la chini, fyuzi haiungui. Kwa nini? Hakujua. Akaziacha zimechomolewa, akafunga kifuniko, akamwita dada yake.

Dada alipofika, fundi aliwasha maikrowevu ili amwonyeshe. Kabla muda haujaisha akafungua mlango, akatia mkono kuchukua kikombe. Sahani ilikuwa bado inazunguka. Akaduwaa, mkono ukiwa humo humo, akishangaa mlio usiokoma. Maumivu yalianzia ndani ya nyama, si juu ya ngozi, akapiga ukelele. Dada ndiye aliyechomoa plagi.

Fundi wa duka la pili, aliyekuja mbio kwa ule ukelele, alikifungua chombo. Kipande cha jino lililokatika kilikuwa kimekwama tunduni, kikizibana swichi mbili zinazokata umeme, hivyo mashine ikaamini mlango umefungwa, ikaendelea kupika. Ile ya tatu, ya nyuma ya jino la chini, ilikuwa mlinzi wao: mlango ukifunguliwa huku wawili wamedanganywa, yeye huiunguza fyuzi makusudi ili umeme ukatike.

"Fyuzi zote zile zilikuwa zinakuokoa," alimwambia, "nawe ukamfukuza mlinzi."

Dada aliutazama mkono wa mdogo wake uliokwisha kuvimba. "Kesho asubuhi ungekuwa wangu," alisema, "na mtoto nimempakata."

Miezi miwili fundi hakuweza kushika bisibisi, kwa sababu ya kipande kisichozidi punje ya mchele. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.